Kabla hujalipia seva ya kuvuta kurasa, iulize mstari wa mwisho

Mteja wangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia saa mbili usiku. Malipo ya mabati yameingia mara mbili kwenye mfumo: hela ni moja, rekodi mbili, na stoo imeshatoa mzigo wa pili. Nilikesha nikitafuta kosa. Msimbo ule aliuandika msaidizi wangu wa AI baada ya kusoma maelezo ya kampuni ya malipo kupitia seva ya kuvuta kurasa, yaani programu inayomletea msaidizi maandishi ya ukurasa wa mtandaoni, niliyokuwa nailipia kila mwezi. Kumbe seva ile ilileta kipande cha juu cha ukurasa, ikakata, ikanyamaza. Namna ya kuzuia rekodi kujirudia ilielezwa chini kabisa, na msaidizi hakujua kwamba kuna chini.

Kwa hiyo, kati ya seva hizi, sitawaambia ipi ina kasi, wala ipi inafungika kwenye mashine kwa dakika mbili. Zote zinafungika. Tangu Anthropic watoe itifaki ya MCP, utaratibu wa kuunganisha msaidizi wa AI na zana za nje, Novemba 2024, kuunganisha zana kama hizi na programu za kuandikia msimbo kama Claude Code, Cursor au VS Code ni suala la mistari michache. Ninachouliza ni kimoja: ikikata ukurasa, inasema?

Jaribio langu mnaweza kulifanya leo. Tengeneza ukurasa wa herufi 40,000, uweke mtandaoni, na mstari wa mwisho kabisa uandike: "Neno la siri ni kangaja." Kisha mwambie msaidizi auvute ukurasa huo na akutajie neno la siri. Akilitaja, vizuri. Akisema ukurasa haujaisha, vizuri pia. Akikuambia kwa uhakika kwamba ukurasa hauna neno la siri, seva hiyo usiitolee hata senti.

Namba moja kwangu ni Fetch, ile iliyomo kwenye mkusanyiko rasmi wa seva za mfano za MCP. Nina upendeleo nayo na sifichi. Kwa Claude Code unaandika hivi:

claude mcp add fetch -- uvx mcp-server-fetch

Unahitaji uv, zana ya kufunga na kuendesha programu za Python, iwe imeshafungwa kwenye mashine, basi. Fetch inageuza ukurasa kuwa Markdown, maandishi yenye alama chache za mpangilio, na kuleta herufi 5,000 kwa mkupuo mmoja. Ni kidogo, ndiyo. Lakini inapokata inaandika mwishoni kwamba maudhui yamekatwa, na inataja start_index, namba ya herufi ya kuanzia, ya kuendelea nayo. Namba ile ndiyo iliyonifanya niipende. Msaidizi anaona kwamba kazi haijaisha na anajua aanzie wapi. Mimi nimeweka agizo kwenye CLAUDE.md, faili la maagizo ambalo Claude Code inalisoma: endelea kuvuta mpaka ujumbe wa kukatwa usitokee tena. Ukitaka mkupuo mkubwa, mwambie msaidizi aongeze max_length, kikomo cha herufi kwa mkupuo.

Ina mipaka yake. Ukurasa unaojengwa na JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, unaweza kurudi mtupu. Pia inaweza kufikia anwani za ndani ya mtandao wako, kwa hiyo usiiendeshe kwenye seva ya ofisi yenye paneli zisizo na nywila.

Kurasa za JavaScript ndizo zinazoipa Playwright MCP ya Microsoft nafasi ya pili. Inafungua kivinjari halisi, inasubiri ukurasa ujengeke, kisha inamletea msaidizi muundo wake kwa maandishi badala ya picha. Inakula RAM na tokeni nyingi (vipande vya maandishi ambavyo modeli ya AI inahesabu), kwa hiyo mimi naiita pale tu Fetch inaporudi mikono mitupu.

Ya tatu ni Firecrawl, kwa anayetaka kuvuta tovuti nzima na siyo ukurasa mmoja. Unahitaji ufunguo wa API (msimbo wa kutambulisha akaunti yako) na unalipa kwa krediti. Hapa angalia upande wa pili pia: Claude Code inatoa onyo zana ikirudisha zaidi ya tokeni 10,000, na kikomo chake cha kawaida ni 25,000. Seva inaweza kuleta ukurasa wote na bado usikufikie wote.

WebFetch iliyomo ndani ya Claude Code siipangi humu. Ukurasa unapitishwa kwanza kwa modeli ndogo ya AI, na kinachomfikia msaidizi ni jibu la modeli hiyo. Kwa habari za kawaida inatosha. Kwa maelezo ya malipo, hapana.

Za bure nyinginezo: Jina Reader ni nzuri kwa haraka, unaweka r.jina.ai/ mbele ya anwani. Hizo nyingine zilizojaa npm, ghala la programu za JavaScript, sina la kusema.

Kinachoniuma ni wauzaji. Ile niliyokuwa nailipia inatoza kwa dola, benki inaongeza makato yake ya kubadilisha fedha, na mwezi ukiisha krediti zilizobaki zinafutwa. Ukurasa ulioshindwa kufunguka nao unahesabiwa. Yote hayo niliyavumilia. Baada ya mkasa wa mabati niliwaandikia nikiomba kitu kimoja: mstari mmoja tu unaosema ukurasa umekatwa hapa. Walinijibu baada ya siku nne kwamba kifurushi cha juu kinaleta kurasa ndefu zaidi. Nimeondoa kadi yangu kwao siku hiyo hiyo, na hasara ya mabati tumegawana nusu kwa nusu mimi na mwenye duka.