Startapu ya delivari Dar: ghorofani raha, chini makato

Nawapa nyota tatu, na hizo tatu ni za kulazimisha, maana ukimuuliza developa wa pale atakupa tano hapohapo na ukimuuliza boda anayebeba mizigo yao atakusonya tu. Jina sitaji, kuna watu wangu bado wanakula pale.

Mi nilikuwa kastoma kea. Ofisi ni nyumba ya kupanga ya ghorofa, juu wako madevelopa, masoko na bosi, chini tupo sisi wa simu na wa stoo, na maboda wako nje chini ya mwembe wanasubiri oda. Sasa ukisoma watu wanavyoisifia au kuiponda hiyo kampuni uliza kwanza alikuwa anakaa wapi.

Juu ndiko wanakopigia picha za LinkedIn. Kuna dogo alitoka chuo moja kwa moja, hajawahi kuajiriwa popote, hata hajazoea kiti kashapewa kuunganisha malipo ya M-Pesa, Airtel Money na Tigo Pesa kwenye apu, kazi ambayo kwingine angekaa miaka anaisikia tu. Huyo hawezi kuiongelea vibaya kampuni na mi simlaumu, kajifunza kweli, laptopu kapewa, anaingia saa nne akitaka. Ila ngoja niwape mfano mmoja. Mwishoni mwa 2024 Tigo Pesa ikageuka Mixx by Yas, dogo akabadilisha jina kwenye apu usiku, safi kabisa, juu wakapongezana. Huku chini hakuna aliyetuambia. Asubuhi simu zinaita mfululizo, "Dada mbona Tigo Pesa mmeitoa?", na sisi tunawajibu wateja eti kuna tatizo la mtandao, kumbe hamna tatizo lolote jamani, jina tu. Hivyo ndo kampuni ilivyokuwa kila siku.

Maboda ndo usiseme. Mteja anaandika anwani "geti jeusi nyuma ya msikiti, ukifika uliza kwa mama Asha", boda anazunguka Mbagala mafuta yanaisha, akifika simu imezimwa. Mzigo ukirudi halipwi, na ukichelewa anakatwa. Mkataba unamwita mtoa huduma huru, kwa hiyo hakuna NSSF, hakuna likizo, akianguka ni yeye na ndugu zake. Huru gani sasa mtu anapangiwa saa ya kufika, fulana ya kuvaa na njia ya kupita? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu ambaye namna yake ya kufanya kazi au saa zake anapangiwa na mwingine anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi wao hawajawahi kuisikia na HR hawezi kuwasomea.

Sisi wa simu tulikuwa katikati, mkataba tunao ila msimu wa ofa za Novemba tunakaa mpaka usiku na malipo yake ni pizza. Ovataimu kisheria ni mara moja na nusu, pizza sijaiona humo. Halafu kuna dada wa stoo alienda kufuatilia mafao ya uzazi NSSF akakuta miezi kibao haijapelekwa na salari slipu zinaonyesha kakatwa kila mwezi. Ilipelekwa baadaye, baada ya kelele.

Bosi mwenyewe si mtu mbaya, niseme ukweli. Anakula kwa mama ntilie na sisi, ukifiwa anakuja mpaka nyumbani anakaa mkekani. Tatizo hela ya wawekezaji ikichelewa anajua nani akikosa mshahara ataondoka na nani atavumilia, na kinachofuata unakijua.

Madevelopa pia wapunguze kuringa na zile hisa za kampuni walizoahidiwa. Kwa kawaida zinakomaa, yaani zinakuwa zako kabisa, kwa miaka minne na ukiondoka kabla ya mwaka hupati kitu, na wangapi wanafika huko? Sendy ya Nairobi, startapu ya kusafirisha mizigo, ilifunga 2023, Copia nayo, ya Kenya ya kuuza bidhaa mtandaoni, 2024 ikakabidhiwa kwa wasimamizi baada ya kukosa hela, na hizo zilikuwa kubwa kuliko hii yetu ya chini ya mwembe.

Kwa hiyo kama we ni developa kijana huna familia, nenda, utaiva haraka. Kama ni boda, soma mkataba na mtu anayejua. Kastoma kea wametangaza nafasi tena juzi, wameandika mshahara ni maelewano, mpigie HR akutajie kiasi kwanza kabla hujalipia bajaji ya kwenda intavyuu, na ukishaanza kazi angalia taarifa yako ya NSSF kila baada ya miezi miwili mitatu.