Puma King: njumu za Eusébio zinamfaa nani leo?

Njumu nyingi zinazotolewa kwa heshima ya mchezaji hudumu misimu miwili mitatu, kisha zinaishia kwenye kapu la punguzo la bei. Puma King ipo sokoni tangu 1968. Ilitengenezwa kwa ajili ya Eusébio, mshambuliaji wa Benfica na Ureno, ambaye Wareno walimwita O Rei, yaani Mfalme, na jina la kiatu likatokana na hapo. Baadaye Pelé aliivaa kwenye Kombe la Dunia la Mexico 1970 na Maradona akaivaa kwenye lile la Mexico 1986, lakini anayetaka kujua kiatu hiki kiliundwa kifanye kazi gani aanze na mwenye jina.

Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 Mafalala, mtaa wa nyumba za mbao na mabati mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo. Alijifunza mpira pekupeku, kwa mpira wa soksi zilizojazwa magazeti. Alitua Lisbon Desemba 1960, vilabu viwili vya huko, Benfica na Sporting, vikamgombania kwa miezi kadhaa, na Mei 1961 alipocheza mechi yake ya kwanza na jezi ya Benfica alifunga matatu. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Mei 1962 huko Amsterdam, Puskás aliifungia Real Madrid matatu kipindi cha kwanza. Kijana wa miaka 20 akajibu kwa mawili kipindi cha pili, Benfica wakabeba Kombe la Ulaya kwa 5-3. Hadi anaondoka klabuni mwaka 1975 alikuwa na mabao 317 katika mechi 301 za ligi. Soma tena takwimu hiyo: mabao ni mengi kuliko mechi.

Alifungaje? Hapo ndipo kiatu kinapoingia. Eusébio hakuwa straika wa kuvizia mipira iliyotemwa na kipa. Alikuja na mpira kutoka mbali, kwa kasi, na kuachia shuti la mguu wa kulia bila kupunguza mwendo. Bao lake la pili dhidi ya Brazil kwenye Kombe la Dunia la 1966, uwanja wa Goodison Park nchini Uingereza, linaonyesha vizuri: mpira uko hewani, pembe imebana, yeye anaupiga kabla haujagusa nyasi, kwa mgongo wa mguu, kipa anasikia tu nyavu. Mpigaji wa namna hiyo anataka vitu vitatu kwenye njumu: sehemu ya mbele iwe laini na iukumbatie mguu, pale mpira unapogongwa pasiwe na fundo wala mshono uliovimba, na soli ishike ardhi kwenye mguu uliosimama bila kulitesa goti.

King za zamani, zile za ngozi ya kangaruu, zilitimiza la kwanza kuliko karibu kiatu chochote. Nyuzi za ngozi ya kangaruu zimelala sambamba na uso wake, kwa hiyo inaweza kuchongwa nyembamba sana na bado isichanike upesi kama ya ng'ombe iliyochongwa unene uleule. Ndiyo sababu unausikia mpira kama uko pekupeku. Matoleo ya asili yana ulimi mrefu unaokunjwa juu ya kamba, na huo si urembo: unafunika fundo, mpira ukutane na ngozi tambarare. Kasoro yake ni kile kipande cha mpira wa kuvutika kinachoushikilia. Kikilegea, ulimi unaruka juu kila ukikimbia. Usikikate. Mpe fundi abadilishe, au funga kamba ukipitisha mzunguko mmoja juu ya ulimi.

Mwaka 2023 Puma waliacha ngozi ya kangaruu kwenye King na kuingiza malighafi ya kiwandani waliyoiita K-BETTER. Wapenzi wa ngozi walilalamika sana. Hukumu yetu ni kwamba kilichopotea ni kidogo kuliko wanavyosema, na kwa wachezaji wa mwambao wetu, penye joto na unyevu, kuna faida ya wazi. Ngozi ikilowa inanyonya maji, inakuwa nzito, inatanuka. Ikianikwa juani inakauka kama gamba na kupasuka pale vidole vinapokunja. Malighafi mpya hainywi maji hivyo na hailegei umbo. Unachokosa ni ile hali ya kiatu kuufuata mguu wako taratibu hadi kiwe chako peke yako. Kwa mshambuliaji mwenye mguu mpana hilo ni jambo kubwa, na kwake bado tungemshauri atafute King za ngozi zilizobaki madukani au za mitumba zilizo salama.

Kwenye saizi ndipo watu wengi wanapokosea. Za ngozi nunua zikiwa zimebana kidogo: kidole gumba kigusane na ncha bila kujikunja, kwa sababu baada ya mechi nne tano zitatanuka upande wa mapana. Zikikuacha na nafasi ya kidole dukani, mwezi ujao mguu utaogelea na utapata malengelenge kisiginoni. Za K-BETTER usitegemee zitanuke. Acha nafasi ndogo, kama nusu ya upana wa kidole kidogo. Jaribu jioni, maana mguu huvimba kidogo kwa kutembea mchana, na vaa soksi utakazochezea. Namba za Uingereza na za Ulaya huwachanganya wengi, kwa hiyo pima wayo wako kwa sentimita ukutani na ulinganishe na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo ya ulimi.

Sasa soli. Njumu za miaka ya 60 zilikuwa na meno ya kufungwa kwa skrubu, na bado kuna King za namna hiyo, zenye alama SG. Hizo ni za nyasi ndefu zilizolowa. Paka grisi kidogo kwenye uzi wa skrubu kabla ya kufunga na usikaze kupita kiasi, kwani uzi ukiliwa jino halikai tena na soli nzima imekwisha. Zenye alama FG ni za nyasi asilia zilizo ngumu kiasi, na zile za FG/AG zinaruhusu pia nyasi bandia. Meno ya King ni ya mviringo, na hapo tunaipa alama nyingi. Jino la mviringo linageuka nawe unapozunguka, wakati jino bapa linaweza kubaki limeshika chini mwili ukiwa umeshageuka, na goti ndilo linalolipa. Eusébio mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa goti la kushoto mara kadhaa na akacheza miaka mingi na maumivu. Zama zile beki aliweza kumkata mshambuliaji na mchezo ukaendelea. Mkimbiaji wa aina yake leo hana sababu ya kujiongezea hatari kwa soli isiyofaa.

Viwanja vyetu vingi, tuseme ukweli, ni vya udongo au kokoto. Usipeleke FG huko. Meno yanaelea juu ya ardhi ngumu, uzito wote unakaa kwenye vituo vichache chini ya wayo, nyama ya chini ya vidole inauma baada ya nusu saa, na meno yenyewe yanasagika kabla msimu haujaisha. Chukua King yenye alama TT, ile ya vijino vidogo vingi vya mpira. Haina sura ya kifalme, lakini utamaliza dakika 90.

Matunzo ni dakika kumi baada ya mechi. Gonga viatu uondoe tope, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo (usitumbukize kwenye beseni, wala usitie sabuni ya unga), toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, uyabadilishe baada ya saa mbili tatu. Anika kivulini penye upepo usiku kucha. Jua kali na joto la jiko hulainisha gundi, na hapo ndipo ncha inapoanza kuachia. Ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo ipake mafuta ya viatu yasiyo na rangi, kila baada ya mechi tatu au nne.

Soli ikiachia, fundi asipake gundi juu ya gundi. Akwangue ya zamani kwa msasa pande zote mbili, apake mpya pande zote mbili, asubiri mpaka isigande tena kidoleni, ndipo abane na kuacha siku nzima. Kushona kuzunguka ncha kunasaidia tu kama sindano inapita kwenye ukingo wa soli. Ikipita chini kabisa, uzi unasagwa na ardhi ndani ya wiki.

Kwa mnunuzi wa mitumba: kunja kiatu kwa mikono miwili. Kinapaswa kukunja pale vidole vinapoanza; kikikunja katikati, soli imevunjika ndani. Minya sehemu laini za soli kwa kidole gumba, maana baadhi ya plastiki huoza kwa unyevu hata kiatu kikiwa hakijawahi kuchezewa, na ikibonyea kama mkate wa jana, irudishe. Tazama meno ya kisigino cha nje: yakiwa yameliwa upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza alikanyaga upande, na wewe utakanyaga hivyohivyo.

Ukishanunua, tafuta mechi ya Ureno na Korea Kaskazini ya tarehe 23 Julai 1966. Ureno walikuwa nyuma 0-3 baada ya dakika 25. Eusébio akafunga manne mfululizo, mawili kwa penalti, José Augusto akamalizia la tano. Angalia mguu wake wa kushoto anapopiga: umekanyaga kando ya mpira, goti limekunjika, soli yote iko chini. Kisha angalia anachofanya baada ya kufunga. Anaingia golini, anaokota mpira mwenyewe, anakimbia nao kuurudisha kati.