Uzoefu wangu: Kumrudisha mama kutoka India na kumfikisha kwa dada Dodoma kwa treni ya SGR

Tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya mtu anayerejea nchini kutoka safari ya nje akiwa na mgonjwa au mzee, anayetua Dar es Salaam, na ambaye ndugu wa kumpokea anaishi Dodoma. Nilipokuwa nikijiandaa kwa safari hiyo nilitafuta maelezo ya aina hii sikuyapata. Nilichokuta ni picha za ufunguzi wa SGR, reli mpya ya treni za umeme, na mijadala kuhusu gharama za ujenzi wake, mambo ambayo yana umuhimu wake lakini hayamsaidii mtu anayetaka kujua kama mama yake aliyetoka kupasuliwa mgongo ataweza kuketi ndani ya behewa mpaka mwisho wa safari.

Mama alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo mjini Chennai, nami ndiye niliyekwenda naye. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti kwamba asikae kitini kwa muda mrefu bila kusimama na kutembea kidogo, na asibebe wala kuinua kitu chochote kizito. Sisi watoto tulikuwa tumegawana majukumu tangu mwanzo: mimi nimsindikize India, dada yangu mkubwa ampokee katika kipindi cha kupona, kwa kuwa nyumba yake haina ngazi na yeye ndiye mwenye moyo wa subira kuliko sisi sote. Dada ni mtumishi wa wizara, na alihamia Dodoma pamoja na maelfu ya watumishi wenzake baada ya Serikali kuanza, mwaka 2016, kuutekeleza kwa nguvu ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko. Kwa hiyo safari yetu haikuishia uwanja wa ndege. Baada ya kuruka kutoka Chennai hadi Doha na kutoka Doha hadi Dar es Salaam, zilikuwa zimebaki kilomita takribani 450, na hizo ndizo zilizotunyima usingizi, kwa sababu ndani ya ndege mgonjwa huweza kusimama na kutembea kwenye njia ya katikati, jambo ambalo ndani ya basi haliwezekani.

Sina ugomvi na mabasi. Nimepanda ya Dodoma kwa miaka mingi, tangu yalipokuwa yakianzia Ubungo hadi sasa yanapoanzia Mbezi, na kwa mtu mwenye afya njema bado ni usafiri unaofaa, hasa kama anashukia Gairo au Kibaigwa, ambako basi humfikisha karibu na nyumbani. Lakini barabara ile kuanzia Chalinze kwenda mbele ina matuta mengi, malori hayahesabiki, na abiria huchimba dawa pale dereva anapoamua. Kumweka humo kwa saa nane au zaidi mtu mwenye kidonda kinachopona mgongoni ni jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa tayari kulibeba.

Tiketi alizikata dada akiwa Dodoma, kupitia mtandao, akalipa kwa simu na kunitumia nakala kabla hatujaondoka India. Kila tiketi hukatwa kwa jina na namba ya kitambulisho cha abiria mwenyewe, hivyo aliyeko nyumbani anayemkatia ndugu yake aliyeko safarini ahakikishe kwamba namba aliyoiandika ni ya kitambulisho kile ambacho msafiri atakuwa nacho mkononi siku ya kupanda. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilitangazwa kuwa shilingi 31,000 treni zilipoanza, na ya mtoto ikawa nusu yake. Treni za haraka na madaraja ya juu yana bei zake. Jambo ninalolisisitiza zaidi ni hili: usikate tiketi ya treni ya siku ile ile unayotua. Ndege huchelewa, mizigo huchukua muda kutoka, na mgonjwa anahitaji kulala kitandani kwanza. Sisi tulilala kwa shangazi Ukonga, ambako ni karibu na uwanja wa ndege, tukaondoka asubuhi ya siku iliyofuata mama akiwa amepumzika na ameshakunywa dawa zake.

Stesheni ya Dar es Salaam, lile jengo la vioo lililobuniwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite, imenifurahisha kwa sababu ambayo watu hawaitaji sana: mtu asiyeweza kupanda ngazi anafika kwenye treni bila kupanda hata moja. Kuna lifti, kuna ngazi za umeme, na tulipowaeleza wahudumu hali ya mama walimletea kiti mwendo, wakamsukuma hadi mlangoni mwa behewa, na hapakuwa na aliyetudokeza kwamba anangoja chochote. Ukaguzi wa mizigo na tiketi unafanana na wa uwanja wa ndege, kwa hiyo ni lazima kufika mapema. Uzito wa mizigo nao una kikomo, na anayetoka nje ya nchi na masanduku makubwa yafaa aulizie kabla, au aache sehemu ya mizigo Dar es Salaam. Mkanda wa mgongo, dawa na karatasi za hospitali nilivibeba katika mkoba wa mkononi tangu Chennai.

Sasa niseme juu ya safari yenyewe, kwa kuwa ndiyo kiini cha tathmini. Treni hizi za umeme zimesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, lakini kwa mgonjwa mwendo si jambo la kwanza. La kwanza ni utulivu. Mama aliweka kikombe cha chai juu ya meza ndogo mbele yake na hakikumwagika. Kila baada ya muda nilimshika mkono tukatembea hadi mwisho wa behewa na kurudi, kama daktari alivyoagiza, na choo kilikuwa pale pale, kisafi, chenye maji. Tulipopita Ngerengere alikuwa tayari ameacha kuniuliza tumebakiza muda gani.

Mama ni mtu wa Kigoma, na reli ya kati ameijua tangu utotoni, ile nyembamba yenye upana wa mita moja ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo tulipoingia milima ya Kilosa alikaa wima akaanza kunieleza. Hapo ndipo reli ya zamani ilipokuwa ikiteseka, kwa sababu imepita bondeni kandokando ya mto Mkondoa, na mvua kubwa zikinyesha mto huondoka na tuta la reli. Mafuriko yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu vibaya sehemu ya kutoka hapo hadi Gulwe, mkoani Dodoma. Reli mpya imepandishwa juu na kupitishwa ndani ya milima kwa mahandaki. Treni ilipoingia kwenye handaki la kwanza mama alinishika mkono, tulipotoka upande wa pili akasema, “Mwanangu, wameukimbia mto.” Baada ya hapo hakulala tena, alitaka kuona kila daraja. Kwa anayependa kutazama nchi, sehemu hii kati ya Mkata na Gulwe ndiyo nzuri kuliko zote, na inafaa kuipita mchana.

Tulifika Dodoma kabla ya adhuhuri. Dada aliomba ruhusa ya muda mfupi tu kazini, akatupokea, na mama aliposhuka alitembea kwa miguu yake hadi kwenye gari. “Shikamoo mama,” alisema dada, halafu hakuweza kuendelea, kwa maana mara ya mwisho alipomwona alikuwa akisafirishwa amelala. Kwa kutoka stesheni kwenda mjini, panga usafiri wako mapema, kwani madereva wanaosubiri nje hutaja bei ya juu wanapoona masanduku yenye vibandiko vya ndege.

Nilikaa kwa dada siku chache, na hapo niligundua faida ambayo sikuwa nimeipigia hesabu. Tangu alipohamia, kuonana kwetu kulikuwa kwa misiba, harusi na sikukuu, kwa kuwa safari ya kwenda na kurudi ilikula siku mbili nzima za mapumziko. Sasa ninaondoka Dar es Salaam Ijumaa jioni baada ya kazi, ninalala kwake, Jumamosi tunakwenda pamoja sokoni na kumfanyisha mama mazoezi, na Jumapili ninarudi. Katika ugonjwa wa mzazi, ndugu mmoja akiachiwa mzigo peke yake huchoka na kuanza kunung’unika, naye ana haki. Ninaamini treni hii imetuepusha na hilo, kwa sababu dada anajua kwamba akizidiwa ninaweza kuwa mlangoni kwake siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja ninaiweka wazi. Katika wiki za mwanzo za huduma, mwaka 2024, ziliripotiwa hitilafu za umeme zilizosimamisha treni njiani. Mimi sijakutana na jambo hilo, lakini kwa mgonjwa ninabeba daima dawa za siku nzima, maji ya kutosha na chakula chake. Miadi ya hospitali pia siipangi siku ile ile ya safari. Mwezi ujao mama anatakiwa kupimwa tena Dar es Salaam; dada ameshakata tiketi za treni ya asubuhi, viti vya kwenye njia ya katikati karibu na mlango, na safari hii yeye ndiye atakayemsindikiza.