Uzoefu wangu na MetaEditor ya MT5: roboti ilikuwa inauza tu, dibaga ikanionyesha kwa nini

Wakuu habari za sa hizi. Niko Kigoma, Mwanga, nina duka dogo la vifaa vya simu na forex naishika usiku nikishafunga hesabu. MetaEditor, ile programu ya kuandikia roboti inayokuja bure ukishusha MT5 (programu ya kufanyia biashara ya forex) kwenye kompyuta, nimeitumia miezi kama minne sasa na imenisaidia sana, nimeona niseme maana watu wanaliwa hela za kutengenezewa roboti wakati kipimo cha kuonyesha ugonjwa wanacho tayari kwenye laptopu.

Nilikuwa na roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe, ya MT4 (ile iliyotangulia MT5), kazi yake nyepesi tu, inaangalia muvingi avereji ya kendo 50, yaani wastani wa bei wa vipande 50 vya muda kwenye chati, bei ikifunga juu yake inanunua, ikifunga chini inauza. Nikataka ihamie MT5, nikampa fundi mmoja wa mtandaoni, siku mbili akanirudishia, nikamlipa, nikaiweka demo, akaunti ya hela za majaribio. Kwenye EURUSD, bei ya euro kwa dola, ikawa inauza tu, soko linapanda inauza, linashuka inauza, nikaihamishia kwenye dhahabu ikawa inanunua tu, haijui kuuza kabisa. Nikamwandikia fundi, akanijibu "kaka hilo ni soko, mimi nimeikompaili haina kosa hata moja". Na kweli ukibonyeza F7 kuikompaili, yaani kugeuza maandishi ya kodi kuwa programu inayotembea, pale chini inakuandikia makosa sifuri, maonyo sifuri. Roho iliniuma aisee, kwa sababu nilijua kuna kitu na sikuwa na namna ya kumwonyesha.

Bahati yangu alinipa faili la mq5, lile lenye kodi yenyewe unayoweza kuisoma. Hili nalisema kwa nguvu zote, usimalizie hela ya mtu kabla hajakupa mq5, ukipewa ex5 peke yake umepewa kitu kilichofungwa, huwezi kusoma ndani wala fundi mwingine hawezi kukurekebishia.

Sasa Jumamosi moja soko limefungwa nikakaa nayo. Dibaga ya MetaEditor, kifaa cha kuisimamisha roboti katikati ya kazi uone inachosoma, huna haja ya kusubiri soko, ukibonyeza Ctrl+F5 inatembea kwenye data ya nyuma. Nikaweka alama kwa F9 kwenye ule mstari unaolinganisha bei na avereji, roboti ikafika pale ikasimama, nikaongeza vigezo viwili kwenye dirisha la kuchungulia thamani. Bei inasoma 1.08412. Avereji inasoma 10.0. Nikatoka nikarudi, nikarudia upya, bado 10.0. Avereji ya EURUSD itakuwaje kumi!

Kumbe kwenye MT4 ukiita iMA inakupa thamani ya avereji yenyewe, ila kwenye MT5 iMA inakupa namba ya hendeli tu, yaani kama tiketi ya kuchukulia mzigo, na hizo namba zinaanzia 10. Mzigo wenyewe unaufuata kwa CopyBuffer. Fundi alichofanya alifuta ile sifuri ya mwisho kwenye mabano ili ikubali kukompaili, basi. Kwa hiyo roboti yangu ilikuwa inauliza kila siku je 1.08 ni kubwa kuliko 10, jibu hapana, uza. Dhahabu ni maelfu, ni kubwa kuliko 10, nunua. Kompaila haiwezi kukuambia hilo maana kwake namba ni namba.

Nikahamisha iMA kwenye OnInit, sehemu inayotembea roboti inapowashwa, iitwe mara moja tu, kwenye OnTick, inayotembea kila bei inapobadilika, nikaweka CopyBuffer inayoanzia kendo namba 1, ile iliyokwisha kufunga. Ukisoma kendo 0 ishara inatokea inapotea kadri bei inavyocheza, ndo zile indiketa za mishale ambazo ukiangalia chati ya nyuma zimepatia kila kitu, ila soko likiwa linatembea mshale unatokea na kufutika.

Baada ya hapo ikaanza kukataliwa oda, jarida linaandika kosa 10016, hiyo maana yake stop losi, ile bei ya kufungia oda hasara isizidi, haikubaliki. Ilikuwa imewekwa pointi 20, na kwa brokeri (kampuni inayopokea oda zako) wa desimali tano hizo ni pipsi 2 tu, maana pipsi moja ni pointi 10, wakati wangu anataka umbali wa pointi 30 kwenda juu. Nikaweka 200, ikatulia.

Kasoro zipo. Maelezo ukibonyeza F1 hayana Kiswahili, hilo linawakwamisha vijana wengi wenye akili nzuri tu. Strategy Tester, sehemu ya MT5 ya kujaribia roboti kwa data ya nyuma, ukichagua tiki halisi, yaani kila badiliko la bei lilivyotokea, inavuta data nyingi, bando langu la wiki liliisha usiku mmoja, siku hizi majaribio ya kwanza nafanya kwa bei za kufungulia tu, tiki halisi naziacha za mwisho. Na roboti haifanyi kazi kwenye MT5 ya simu, wateja wananiuliza hilo kila siku pale dukani. Umeme ukikatika na laptopu ikazima roboti nayo imelala, oda iliyo wazi inabaki na stop losi yake kwa brokeri ila hakuna wa kuihamisha, ndo maana kabla ya hela halisi nitalipia VPS kwanza, kompyuta ya kukodi mtandaoni isiyozima.

Naipa nyota nne kati ya tano. Yule fundi nilimtumia picha ya ile 10.0, akakaa kimya siku nzima kisha akaandika "nimeelewa kaka, na za wateja wengine nazirekebisha". Roboti yangu bado iko demo, wiki ya tatu hii, inanunua na kuuza.