Waifai ya meli ya kitalii: vile nilivotumia mie, na pale hela zinapopotelea hasa

Waifai ya meli naipa nyota tatu kwa tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya bei, nyengine kwa sababu ya saa za jioni, hayo nitayaeleza. Lakini kwanza nianze na hili manake ndo linalomaliza watu, na wala si waifai yenyewe: ni simu yako kurukia mnara wa meli bila wewe kujua. Na nawaandikia hasa watu wa kwetu Malindi, kwa vile siku hizi kila mtaa una mtu ana dada au binti kaolewa na Muitaliano, akenda kutembea huko anapandishwa meli, na vijana wetu nao wanachukuliwa kazi humo humo, kwa hivo si mambo ya matajiri peke yao tena.

Sisi tulipanda Genova, mie na dada na shemeji, ile njia ya Napoli, Messina, Valletta ya Malta, Barcelona, Marseille halafu unarudi pale pale Genova. Wenzangu walikwenda kustarehe. Mie nasimamia nyumba za kupangisha wageni barabara ya Casuarina na msimu ulikuwa unaanza, wageni wanauliza nafasi kwa WhatsApp, mzee wa geti anauliza unga wa mbwa, fundi anauliza hela, yaani nikipotea hewani siku mbili nikirudi nakuta vurugu tupu. Kukaa wiki bila intaneti haikuwezekana, na kulipa lile bando kubwa la meli nalo moyo ulikataa.

Sasa huo mnara. Meli kubwa ina mtambo wake wa simu ndani. Ikiwa bandarini huwa umezimwa, simu yako inatumia mitandao ya nchi kavu kama kawaida. Meli ikishaachana na pwani, mara nyingi ni ikifika maili 12 za baharini, kama kilomita 22 hivi, mtambo unawashwa, na kama romingi (ile ruhusa ya laini yako kutumia mitandao ya wengine) umeiacha wazi basi simu inashika yenyewe wala haikuombi ruhusa. Kila kitu hapo kinapita kwa satelaiti na bei yake haina udugu na bei ya nchi yoyote. Ulaya wana sheria tangu Juni 2017 kwamba laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya unaitumia nchi nyengine ya Umoja huo kwa bei ya nyumbani, na watu wakisikia hivo wanajua wameokoka, lakini sheria hiyo ni ya minara ya nchi kavu, mnara wa meli haumo. Shemeji mwenyewe Muitaliano wa huko huko hakuwa na habari. Tumetoka Genova jioni, tumekaa tunakula, simu iko mfukoni kwake kimya inapakia picha alizopiga mchana, tiramisu inaletwa mezani salio la laini yake liko sufuri. Kaitoa, pale juu panapokaa jina la mtandao pako namba tu, 901 na tarakimu nyengine zinafuata. Ukiona 901 jua umeshikwa, hiyo si Italia wala Hispania, hiyo ni mitandao isiyokuwa na nchi, ya meli ndo humo.

Dawa yake haina gharama. Kabla kamba hazijafunguliwa bonyeza kile kidege kwenye simu (airplane mode), halafu washa waifai peke yake. Wengi wanadhani kidege kikiwaka waifai nayo imekufa, hapana, unaiwasha tena na inafanya kazi sawa sawa. Mie kidege kilikuwa hakizimwi mpaka tufunge gati.

Haya, waifai yenyewe. Kampuni kubwa za meli siku hizi bei zao nyingi ziko kati ya dola 15 na 30 kwa siku, kwa kifaa kimoja. Piga hesabu, ni kama elfu mbili mpaka karibu elfu nne za Kenya kwa siku, na hapa Malindi kwa elfu tatu mtu analipa fiber ya nyumba mwezi mzima na watoto wanaangalia katuni mpaka wachoke. Huwa kuna bando dogo la kuchati na mitandao ya kijamii, na bando kubwa la kuangalia filamu na kupiga simu za vidio. Ukinunua kabla ya kupanda, kule kwenye apu ya meli au kupitia wakala aliyewakatia tiketi, inashuka bei, na ukichukua ya safari nzima inashuka zaidi kuliko ya siku moja moja. Sisi tulichukua ndogo, ya kifaa kimoja, kwa watu watatu. Si wizi, masharti yao wenyewe yanasema kifaa kimoja kwa wakati mmoja, kwa hivo mmoja akimaliza anatoka kwenye akaunti na mwengine anaingia. Shida ni kutoka. Ukizima waifai tu bila kubonyeza pale pa kutoka, mfumo unakuhesabu bado umo ndani na mwenzako anakataliwa, na dada yangu huyo alikuwa akimaliza anatupa simu kitandani anakwenda zake kwenye bwawa, mie nazunguka dekini namtafuta kama polisi.

Hiyo ndogo meseji zinakwenda, picha zinakwenda. Sauti za WhatsApp zinafika kwa kujikokota. Simu za WhatsApp zimefungwa kabisa, na vidio ndo usahau. Sasa mkasa wa pampu. Tuko katikati, baina ya Malta na Barcelona, pale ni bahari tu kutwa nzima, fundi wa bwawa la kuogelea kanitumia vidio ya pampu inavuja na chini yake kaandika "mama angalia hapo". Hapo wapi? Mie naona mraba wa ukungu na kile kiduara kinazunguka. Namwandikia nitumie picha, ananitumia vidio nyengine ndefu kuliko ya kwanza. Mwisho nikamwandikia kwa herufi kubwa PICHA MOJA TU YA PALE PANAPOTOA MAJI, ndo ikaja, kumbe ni sili ya shilingi chache tu. Nasema hivi kwa sababu kama kazi yako inategemea kuona au kusikia, bando dogo litakutesa, na kama ni ya kuandika tu linatosha na chenji inabaki.

Saa nazo zina mambo. Baada ya chakula cha jioni meli nzima iko mtandaoni, maelfu ya watu wanapakia picha za siku, meseji moja inazunguka dakika nzima. Hapo ndo ilipokwenda ile nyota. Alfajiri watu wamelala ni raha tupu. Saa kumi na moja ya kule kiangazi ni saa kumi na mbili huku kwetu, mzee wa geti ndo anamwagilia maua, basi mie mambo yote ya nyumbani nikiyamaliza saa hiyo nimekaa dekini na kahawa, na nyota ya tatu ni ya hiyo alfajiri.

Na msidanganywe na hadithi za zamani kwamba waifai ya meli haifai kabisa. Zamani meli zilitegemea zile satelaiti za mbali, kama kilomita 36,000 juu, sauti ikenda na kurudi umeshasahau ulichouliza. Tangu 2022 kampuni kubwa zimeanza kuweka Starlink, zile za karibu, kama kilomita 550 tu, kwa hivo uliza meli yenu inatumia nini kabla hujalipa. Shemeji alianza kunipa darsa la satelaiti mezani, nikamwambia shemeji, nilipozaliwa mie pale Ngomeni nyinyi Waitaliano mlikuwa mshatuwekea mitambo baharini, satelaiti ya Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, leo unanifunza? Akacheka.

Nchi kavu ndo penye unafuu wa kweli. Genova kabla ya kupanda nilinunua laini ya Italia ya kulipia kabla, zile ofa za kama yuro 10 kwa mwezi unapewa GB mpaka hujui utazifanyia nini. Duka watataka pasipoti, na wengine wataulizia namba ya kodi ya Kiitaliano, kwa hivo ukiwa na mwenyeji nenda naye. Angalia kitu kimoja pale kwenye karatasi: GB zinazotangazwa kwa herufi kubwa ni za ndani ya Italia, za kutumia Ufaransa, Hispania na Malta ni fungu dogo limeandikwa chini. Mie lilinitosha, lakini aliyezoea kuangalia mpira kwa simu litamkatikia Marseille. Dada alichukua eSIM ya Ulaya, ile laini isiyokuwa na kadi, aliilipia akiwa bado nyumbani Malindi, akitua uwanja wa ndege iko hewani. Raha sana, ila kwa kila GB ni ghali kuliko yangu, na nyingi hazina namba ya kupigiwa, na simu yako lazima iwe inakubali, yangu haikubali. Na kama meli yenu inapita Tunis, jueni Tunisia haimo Umoja wa Ulaya, laini ya Italia pale inageuka kuwa ya mgeni na bei za mgeni.

Kwa hivo mizigo mizito yote niliiweka bandarini. Meli ikifunga gati natoa kidege, napanda juu dekini upande unaotazama mji, manake ndani kabini kuta ni chuma na mtandao hauingii vizuri, hapo vidio zinashuka, simu napiga, picha za nyumba natumia wageni, halafu ndo tunashuka kutembea. Na siku tuliopita mlango wa bahari wa Messina, pale pembamba pana kama kilomita tatu tu, Sisili huku na bara huku, laini yangu ilishika Italia meli ikiwa inatembea, nikapigiana vidio na mama yangu nikimuonesha milima, akaniuliza mbona hakuna mikoko.

Benki na M-Pesa ni sehemu nyengine ya kujipanga. Laini ya Kenya niliiacha kwenye tundu la pili, romingi imefunguliwa kabla sijaondoka lakini data imezimwa. Bandarini meseji zinaingia, zile OTP za benki, namba za siri za kutumia mara moja, zinakuja. Baharini na kidege chako hazikufikii hata waifai iwe kali vipi, manake zinakuja kwa mtandao wa simu. Kwa hivo malipo yote yafanyeni mkiwa gatini. Jumamosi ya mishahara nilijua tutakuwa maji makuu, hela nilishazituma Valletta, kila mtu alipata yake kwa wakati.

Mengine ni madogo madogo ila yanasaidia, kwenye WhatsApp zima kupakua picha na vidio zenyewe, na yale magrupu ya harusi yafungie macho mpaka ufike nchi kavu, zima kuhifadhi picha mtandaoni, zima apu kujisasisha, ramani za miji pakua ukiwa kwenu. Apu ya meli yenyewe inafunguka bure kwa waifai ya meli hata kama hukununua bando, ratiba na menyu ziko humo, na baadhi ya meli inakuruhusu kuchati na wenzako walio melini bila malipo, nyengine wanatoza. Na ukishuka bandari usiyoijua, angalia wafanyakazi wa meli wanaelekea wapi. Wao ndo wanaojua mkahawa wenye waifai ya bure na kahawa ya bei ya binadamu. Tulimfuata kijana mmoja wa Likoni anafanya kazi jikoni, tukafikishwa mahali pana soketi kila meza.

Jambo la mwisho ni risiti. Bando linaandikwa kwenye akaunti ya kabini pamoja na maji na vinywaji, na usiku wa mwisho unaweza kuiona yote kwenye apu au kwenye runinga ya kabini. Yetu ilikuwa na bando limetozwa mara mbili, lile tulilonunua kabla na jengine la siku ya kwanza ambalo hakuna aliyelibonyeza. Risepsheni walilifuta bila ubishi, walitaka tu kuona barua pepe ya malipo ya kwanza, na nilikuwa nimeipiga picha skrini. Nendeni usiku huo huo, asubuhi ya kushuka foleni inafika mpaka kwenye lifti.