Kompyuta za Kuzamia Zinazosoma Presha ya Mtungi: Ipi Uanze Nayo?

Nafasi ya kwanza kwenye orodha hii imeamuliwa na betri. Uko Pemba au Mafia, boti inaondoka asubuhi, kompyuta yako ya kuzamia, ile ya mkononi inayokuonyesha kina na muda, imezima. Duka la jirani lina betri za AA, zilezile za tochi na redio. Waya wa kuchajia kompyuta yako halina.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Shearwater Perdix 2. Ni donge kubwa mkononi, hutalivaa harusini, lakini linakubali AA yoyote na kioo chake husomeka bila kukodoa macho. Hupokea hadi transmita nne (vifaa vinavyofungwa kwenye regulata, kifaa cha kupumulia, na kuirushia kompyuta presha ya mtungi), kwa wanaobeba mitungi mingi. Ila transmita yenyewe hutumia betri ya CR123A, na hiyo dukani kijijini usiitegemee. Beba ya akiba.

Faida kubwa si kuona presha tu, geji ya kawaida inakuonyesha hiyo. Ni hesabu. Mtungi wa lita 12 wenye presha ya bari 200 una hewa lita 2,400. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 60 akiwa mita 20 chini, maana presha huko ni mara tatu, hivyo kufikia akiba ya bari 50 ana nusu saa. Mkondo ukikaza akaanza kuhema, nusu saa hiyo inayeyuka, na kompyuta inamwonyesha papo hapo.

Ya pili ni Garmin Descent Mk3i. Kompyuta nyingi hutumia mawimbi ya redio ambayo majini hayafiki mbali. Ukinyoosha mkono vibaya, namba hupotea kwa muda. Garmin hutumia mawimbi ya sauti, yanayofika mbali zaidi, hivyo unaweza kuona hata mtungi wa mwenzako. Nchi kavu ni saa nzuri ya kila siku. Ni ghali, na inataka waya wake.

Kama mfuko haujatuna, Mares Quad Air. Kioo kipana, vitufe vinne, betri unabadilisha mwenyewe. Haina urembo, na bei iko chini sana ya hizo mbili.

Suunto D5 naiweka mwisho. Inapendeza, lakini ni ya kuchaji, na hesabu zake ni za tahadhari: anayezamia mara tatu kwa siku huona muda anaoruhusiwa kukaa chini unafupishwa.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, hakikisha transmita inaelewana na kompyuta hiyo. Za kampuni tofauti mara nyingi hazisikilizani. Na geji ya kawaida usiivue kwenye regulata. Transmita ikikata mawasiliano, geji hiyo ndiyo itakayokurudisha juu.

Halafu uwaonye mabaharia kabla hawajapakia. Transmita imechomoza kama kishikio, na mtu mwenye haraka huibeba seti nzima kwa hicho. Yangu ilivunjika hivyo, boti haijatoka hata ufukweni.