Kozi ya kuruka na parachuti ukiwa muoga: uzoefu wangu

Naanza na jibu kwa wenye haraka: hii kozi naipa nyota nne kati ya tano na ningeirudia hata kesho. Na nasema hivi nikiwa muoga wa kweli, wa tumbo kusokota tangu usiku. Naandika hasa kwa ajili yako wewe unayetaka kuruka lakini kila ukishika simu ujiandikishe mkono unakuwa mzito, maana mi nilitafuta sana mtu wa kunieleza hiyo hofu ikoje na unaishije nayo, nikakuta watu wanaandika tu ilikuwa raha usiogope, na hiyo haimsaidii mtu ambaye tayari anaogopa.

Kwanza tuelewane ni kozi gani. Kabla ya hapo nilishawahi kuruka ile ya kufungwa pamoja na mkufunzi, yeye mgongoni kwako, yeye ndo anafungua, yeye ndo anaongoza, wewe ni abiria. Hii inaitwa AFF (Accelerated Freefall), hapa begi unavaa lako mwenyewe lenye parachuti mbili, kubwa na ya akiba, wakufunzi wawili wanatoka na wewe mlangoni wamekushika huku na huku, lakini anayefungua ni wewe, na ikishafunguka wao wanabaki kushuka zao na wewe uko peke yako juu na redio kwenye helmeti. Sasa hofu ya hii ni nyingine kabisa. Ile ya kwanza unaogopa kuanguka, hii unaogopa kichwa chako mwenyewe, yani je nikiganda? Je nikifika kwenye futi za kufungua nikasahau? Hilo ndo lililokuwa linaninyima usingizi, sio urefu.

Mambo ya fomu sitayaongelea, ni ndefu, kifo kimetajwa mara nyingi, unasaini unaendelea, kila anayeruka anapitia hayo.

Darasa ni karibu siku nzima na hapo ndo nilipowapendea. Mkufunzi wetu hakuwahi kusema msiogope hata mara moja. Alisema hofu itakuja, wala usihangaike kuifukuza, kazi yangu ni kuhakikisha ikija inakukuta una kazi mkononi. Nilidhani ni maneno tu lakini kozi nzima imejengwa hivyo kweli, kila dakika kuanzia unavaa begi mpaka unatua una kitu cha kufanya na kitu cha kusema kwa sauti.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni ile mikanda ya kuning'inia. Ni mikanda kama ya begi lenyewe imefungwa kwenye boriti, wanakupandisha miguu inaelea hewani, halafu mkufunzi anakuonyesha picha ya parachuti juu ya kichwa chako na wewe uamue palepale. Picha ya parachuti imefunguka vizuri, unasema ipo, ni ya mraba, inaongozeka, naendelea. Picha ya kamba zimejisokota, unatanua zile kanda za mabegani unapiga mateke mpaka zijisokotoe, huku ukiangalia altimita, kile kipimo cha urefu. Picha ya parachuti imekuwa tita halijafunguka, hapo hamna mjadala: angalia chekundu, shika chekundu, angalia cha fedha, pinda mgongo, vuta chekundu, vuta cha fedha. Kishikio chekundu kinaachia parachuti kubwa iende zake, cha fedha kinafungua ya akiba. Mwanzoni nilikuwa nafikiri kwanza halafu mkono unafuata. Tukarudia. Tukarudia tena, anabadilisha picha bila mpangilio, ananizungusha, ananipigia kelele kama upepo, na kuna wakati fulani nikaona mkono umeshafika kwenye chekundu kabla sijamaliza kuisoma picha yenyewe. Aisee pale ndo kitu kikalegea kifuani. Sio kwamba hofu iliondoka, ila lile swali la je nikiganda likapata jibu, na jibu lilikuwa kwenye mikono.

Kingine ni kwamba walinifungulia begi nione ndani. Mi ni mtu nikijua kitu kinafanyaje kazi napunguza wasiwasi, kama na wewe uko hivyo omba uonyeshwe. Kuna kifaa kidogo ndani, kwenye begi langu kilikuwa CYPRES, hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1991, kinapima presha ya hewa muda wote na kikiona bado unashuka kwa kasi na ardhi iko karibu kama futi 1,000 hivi au chini yake kinakata chenyewe kile kitanzi kilichofunga parachuti ya akiba. Wewe umezimia, umeganda, vyovyote, kinakata. Na hiyo ya akiba haikunjwi na mtu yeyote tu, inakunjwa na fundi mwenye leseni na kuna kadi yenye tarehe na saini yake, Marekani kwa mfano sheria inataka ikaguliwe na kukunjwa upya ndani ya kila siku 180 hata kama haijawahi kutumika. Nikaomba kuiona kadi ya begi langu, wakanionyesha bila kununa. Nilizisoma pia takwimu za chama cha warukaji cha Marekani, USPA, mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko kama milioni 3.65, na wao wenyewe wanasema miaka mingi sehemu kubwa ya ajali inatokea wakati wa kutua na parachuti nzima kabisa, iliyofunguka vizuri. Hiyo ilinifanya nihamishe umakini wangu. Nilikuwa nimeweka akili yote kwenye mlango wa ndege wakati somo la kutua ndo la kusikiliza kwa masikio yote mawili.

Sasa nije kwenye nyota niliyowanyima. Kusubiri. Upepo wa wanafunzi una kiwango chake na ni cha chini kuliko cha wazoefu, hilo sina ugomvi nalo hata kidogo, tena niliwaheshimu kwa kukishika. Shida ni kwamba unasubiri umevaa kila kitu umekaa kwenye benchi hakuna anayekuambia lolote, mara jiandaeni, mara bado, mara vueni, na kwa mtu mwenye hofu hayo masaa ndo mabaya kuliko ndege yenyewe. Mwili unapanda unashuka unapanda unashuka mpaka unachoka kabla hata hujaruka. Na pale pale kwenye benchi kuna skrini inaonyesha video za watu wakiruka kwa vituko, mwingine anajipindua, mwingine anatua kwa kuteleza kwa kasi. Mwanafunzi wa mara ya kwanza hazihitaji. Wangeweza kutuambia tu saa fulani ndo tutaangalia tena upepo, nendeni mkatembee. Mi mwishowe nilienda kujitafutia kivuli nikawa narudia mtiririko wangu, yani hatua zote za kuruka kwa mpangilio, nimesimama, kwa mikono, kwa sauti, na niliporudi kwenye benchi nilikuwa nahema taratibu.

Ndege inapanda dakika kama kumi na tano hivi mpaka futi 13,000, karibu mita 4,000. Hapa nisikilize vizuri kama unaanza. Usiangalie dirishani ukiwa kimya. Mi nilipewa kazi, kila futi elfu kadhaa nisome altimita niseme kwa sauti, tukipita 2,500 niseme hapa ndo mwisho wa mwanafunzi kuamua kama anaachia parachuti kubwa, tukipita 5,500 niseme hapa ndo navuta. Katikati ya hapo napumua, naingiza kwa kuhesabu nne natoa kwa kuhesabu nane, kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuingiza, hiyo ndo inayoshusha mapigo ya moyo. Mikono ilikuwa inatetemeka waziwazi na mkufunzi akaiona, hakusema kitu, akanyoosha wa kwake akaonyesha ile ishara ya kulegeza vidole, ishara ileile anayokupa hewani, nikalegeza. Kitu kidogo lakini nimekikumbuka kuliko mengi.

Halafu mlango unafunguliwa. Hamna maandalizi ya hiyo sauti. Upepo unaingia wote kwa pamoja, baridi ya ghafla kwa sababu huko juu ni nyuzi zaidi ya ishirini chini ya joto la ardhini, na kwa sekunde chache mi nilikuwa sina kichwa, kulikuwa na mlango tu. Ndo ukaja mtiririko. Namwangalia mkufunzi wa ndani, anaitikia kwa kichwa. Namwangalia wa nje, anaitikia. Juu, chini, pinda. Tukatoka.

Na hapa kuna kitu nilitamani ningeambiwa miaka yote niliyokuwa naogopa: tumbo halipandi kooni. Ile hisia ya kudondoka kama lifti imekatika haipo, kwa sababu ndege ilikuwa tayari inaenda mbele kwa kasi na wewe unatoka na kasi hiyohiyo, upepo unakupokea unakugeuza taratibu kuelekea chini. Kasi inafika karibu kilomita 200 kwa saa lakini unachokisikia ni kulalia upepo mzito, una nguvu, unakubeba. Nilisahau kupumua sekunde za mwanzo, hiyo inawapata wengi sana, dawa yake ni kupiga kelele ukitoka, ukipiga kelele umetoa hewa na mapafu yataivuta yenyewe. Halafu kazi: upeo wa macho, altimita, mkufunzi wa kushoto, wa kulia, gusa kishikio mara tatu kwa mazoezi, rudi kwenye altimita. Ni chini ya dakika moja tu lakini iliyojaa kazi haina nafasi ya hofu. Kwenye 5,500 nikapunga mikono, nikapeleka mkono nyuma, nikavuta.

Kimya kinachofuata sijui nikielezeje. Ipo, ni ya mraba, inaongozeka. Nilisema kwa sauti kubwa peke yangu kule juu. Redio ikaanza, geuka kushoto, shikilia, geuka kulia, sauti ya mtu ametulia. Parachuti za wanafunzi ni kubwa kwa makusudi, zinaenda polepole zinakusamehe. Kutua wanakuambia weka miguu pamoja, angalia mbele usiangalie chini ya miguu, na ukisikia vuta unavuta kamba za kuongozea kwa mikono yote miwili mpaka chini, ukishafika futi kumi hivi kutoka ardhini. Nilitua kwa magoti na nyonga kama tulivyofundishwa kwenye mchanga darasani, sikuumia popote.

Nimeendelea na kozi baada ya hapo na watu wananiuliza kama hofu imeisha. Haijaisha, imehama. Kuna utafiti wa zamani wa miaka ya 1960, wanasaikolojia wawili, Walter Fenz na Seymour Epstein, waliwapima warukaji mapigo ya moyo na upumuaji tangu wanafika uwanjani mpaka karibu na kuruka. Wanaoanza hofu yao ilipanda moja kwa moja mpaka dakika ya kuruka. Wazoefu nao ilipanda, ila ilifika kilele mapema halafu ikashuka, mlangoni walikuwa wametulia. Hiyo ndo ninayoiona kwangu sasa hivi, kilele changu kimetoka mlangoni kimerudi nyuma kwenye kuvaa begi, na ukifika mlangoni unakuta mwili umeshamaliza. Kwa hiyo ukisikia mzoefu anakuambia yeye haogopi muulize vizuri aliogopa saa ngapi.

Mambo mengine madogo ninayofanya: sinywi kahawa siku ya kuruka kwa sababu inaniongezea kutetemeka na nashindwa kujua ipi ni kahawa ipi ni hofu. Nakula kidogo, tumbo tupu linafanya kichefuchefu kiwe kibaya zaidi kwenye ndege. Nalala na mtiririko, yani nikiwa kitandani nafumba macho naupitia wote kuanzia mlangoni, kwa kasi yake halisi. Na nimejipa ruhusa ya kushuka na ndege. Hili wenyewe walitueleza siku ya kwanza, kwamba ukifika mlangoni ukaona leo hapana, unatikisa kichwa na unarudi chini na rubani, hakuna atakayekushika mkono. Kwangu kujua kwamba nina njia ya kurudi kulinifanya nisiihitaji.

Nani aende: mtu anayeogopa lakini anataka. Nani asubiri kwanza: mtu anayekwenda kwa sababu ya marafiki, au mwenye shida ya moyo, presha au sikio ambaye hajaongea na daktari, hiyo usifiche kwenye fomu. Ukipiga simu kujiandikisha uliza vitu vitatu: kama wana mikanda ya kuning'inia na kila mtu anapata zamu ya kutosha, kama darasa ni la watu wachache, na kama utapewa mkufunzi yuleyule darasani na kwenye ndege. Mi la tatu niliwaomba wakakubali, na kama wangekataa ningesubiri siku nyingine.